Methani Imepotea

Wizara inapenda kuutangazia umma kwamba methani imepotea.

Haikuibwa, haikuvuja, wala hakuna panya aliyeitafuna. Iliingia darasani asubuhi ikiwa methani kamili, imesainiwa na kugongwa muhuri, na ilipofika saa ya mapumziko ikarudi stoo ikiwa maji. Umma unaombwa uwe mtulivu. Kamati imeshaundwa, na kamati hiyo imeshakunywa chai yake ya kwanza.

Maneno hayo yaliandikwa na mtu ambaye wizara nzima ilimwita Bwana Vilevile. Cheo chake halisi kilikuwa Mkaguzi Mkuu wa Vifaa vya Kufundishia Vinavyoshikika na Visivyoshikika, na kibao chake kilianzia mlangoni kwake kikaishia mlangoni kwa jirani. Lakini watu walimwita Bwana Vilevile kwa sababu ya imani yake moja: kitu kikitoka stoo, kirudi vilevile kilivyotoka. Ufagio ukitoka na nywele zake, urudi na nywele zake. Chaki ndiyo iliyomnyima raha maisha yake yote. Inatoka ndefu, inarudi fupi, na hakuna anayeshtakiwa.

Sasa msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Hakuwahi kuchukua hata kalamu ya Serikali kwenda nayo nyumbani. Na hapo ndipo palipokuwa na balaa, kwa maana na mwizi mnaweza mkakaa mkaelewana, lakini mtu mwadilifu ambaye haelewi anachokilinda, jamani, huyo atawatoa jasho.

Mambo yalianza na Waraka wa Moto. Katika shule moja pazia la maabara liliungua kipande, na wizara, kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana tena, ikapiga marufuku moto katika somo la mwako. Walimu wakaelekezwa wafundishe jinsi vitu vinavyoungua bila kuunguza kitu. Waeleze kwa mdomo, na wasieleze kwa namna ya kuwatia wanafunzi hamu. Ikaenda hivyo muhula mzima, watoto wakichora moto kwa kalamu ya bluu kwa kuwa nyekundu ilikuwa ya mwalimu.

Halafu yakaja maboksi. Ndani yake mlikuwa na vitufe vya plastiki na vijiti vya kuviunganishia: vyeusi ni kaboni, vyekundu ni oksijeni, vyeupe ni haidrojeni. Wanafunzi waliviita gololi tangu siku ya kwanza. Unazishika kwa mkono, unazitenganisha, unaziunga upya, na moto umeuona wote bila kuwasha kiberiti. Wizara ilifurahi mno, ikafanya sherehe ya kuyapokea maboksi yakiwa bado yamefungwa.

Bwana Vilevile alipoyafungua alikuta gololi zimelegea, kila moja kivyake, akaingiwa na baridi. Kitu kilicholegea kinapotea. Akaamuru watunza stoo wote waziunge kama zilivyo kwenye picha ya juu ya boksi, na zitolewe zikiwa zimeungwa. Kwa hiyo mwalimu hakuandikiwa tena kwamba kachukua gololi. Aliandikiwa: methani, moja, oksijeni, mbili. Amri ilikwenda shule zote, na hakuna aliyeuliza swali, kwa kuwa swali lilikuwa na fomu yake na fomu hizo zilikuwa zimekwisha.

Katika mojawapo ya shule hizo alikuwapo mwalimu wa kemia ambaye, kwa bahati ambayo Bwana Vilevile hakuipenda, alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe kabisa, tumbo moja. Na shule hiyohiyo ndiyo iliyofiwa na mlinzi wake kipindi cha baridi kilichopita. Mlinzi alikuwa na kibanda kidogo getini. Alfajiri moja walimkuta kitandani, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, na jiko la mkaa chini ya miguu yake limebaki majivu. Hakuwa na jeraha, na kibandani hapakuwa na moshi.

Kwa kuwa mlinzi hulinda vifaa, alihesabiwa chini ya idara ya vifaa, na taarifa ikafika mezani kwa Bwana Vilevile. Ilisema amekutwa amelala kazini na alipoamshwa hakuamka. Bwana Vilevile akaandika alichosoma: barua ya onyo, kwamba ulilala ukiwa kazini, na ulipoamshwa na msimamizi wako ulikaidi kuamka, jieleze kwa maandishi. Barua ilifika nyumbani kwa mlinzi watu wakiwa bado wamekaa msibani. Alipoambiwa baadaye kwamba mtu mwenyewe alishakufa, Bwana Vilevile alisikitika kwa dhati. Ila barua ilikuwa imeshapewa namba.

Mjane aliichukua barua ile akampelekea mwalimu, akamuuliza mumewe ajielezeje. Wanafunzi nao wakawa hawana swali jingine: mkaa usio na moshi unamuuaje mtu? Mwalimu akaona hili si la kueleza kwa mdomo. Akaenda stoo, akasaini methani moja na oksijeni mbili, akawakalisha watoto duara, na gololi zikapita mkono kwa mkono. Wakaivunja methani, nyeusi moja na nyeupe nne, na zile oksijeni mbili, kila moja nyekundu mbili zilizoshikana. Wakaipa kaboni oksijeni zake mbili, ikawa kaboni dayoksaidi. Wakazipa haidrojeni oksijeni zilizobaki, zikawa maji. Binti mmoja aliyekuwa amekaa mbele akashangaa kwamba kumbe hakuna kinachoisha, vinahama tu. Mwalimu akasema ndivyo, na kesho wataona hewa ikiwa haba inakuwaje, maana hapo ndipo penye habari ya mlinzi wao. Kengele ikalia.

Hiyo kesho haikufika, kwa sababu Bwana Vilevile alikuwa stoo kwa ukaguzi wa kushtukiza.

Mwalimu aliweka boksi kaunta. Bwana Vilevile akachungulia, akavua miwani, akaifuta, akachungulia tena. Mtunza stoo, mama mtu mzima aliyekuwa amebakiza miezi ya kuhesabika astaafu, akaanza kupanga mifagio ambayo ilikuwa imeshapangwa.

"Mwalimu, ulichukua nini?"

"Methani moja na oksijeni mbili, Mheshimiwa."

"Na hivi ni nini?"

"Kaboni dayoksaidi moja, na maji molekuli mbili."

"Methani iko wapi?"

"Imeungua."

"Imeungua yenyewe?"

"Tumeiunguza sisi. Ndilo somo lenyewe."

Bwana Vilevile aliandika: amekiri. Kisha akamuuliza hayo maji nani aliyeyaagiza, kwani hayakuwa katika orodha ya vitu vya shule ile. Mwalimu akamwomba dakika moja tu aziunge gololi ziwe methani tena, mbele ya macho yake. Hapo Bwana Vilevile alirudi nyuma hatua nzima. Kuitengeneza methani upya baada ya methani kupotea kungekuwa kughushi methani. Akalifunga boksi kwa uzi na lakiri, likawa kielelezo.

Jioni ileile aliandika Waraka wa Marejesho, na nakwambieni aliuandika kwa raha, kama mtu anayekuna mahali palipomuwasha miaka mingi. Ulisema hivi: Chochote kitakachokabidhiwa kwa yeyote kitarudishwa kwa aliyekikabidhi kikiwa vilevile, kikirudi kwa umbo jingine, kimepotea, na aliyekipoteza atawajibika. Mwanasheria wa wizara alishauri liandikwe neno "vifaa" badala ya "chochote". Bwana Vilevile akakataa katakata, watu wasije wakapata upenyo. Mwanasheria akauliza kama wizara yenyewe nayo imo. Bwana Vilevile akajibu kwa fahari kwamba sheria isiyomfunga aliyeitunga ni porojo. Waraka ukabandikwa kwenye geti la kila shule, herufi kubwa, hata mpita njia asome.

Katibu Mkuu aliupenda mno. Alikuwa hajapata jambo la kutangaza tangu sherehe ya maboksi, na methani iliyopotea ilikuwa na uzito. Aliunda kamati na kujiteua mwenyekiti, akamteua Bwana Vilevile kuwa katibu na pia mlalamikaji, ili kuokoa muda. Mwalimu akasimamishwa. Akipatikana na hatia, angefutwa ualimu na asishike chaki tena popote. Kwa upande wa pili, Katibu Mkuu alimnong'oneza Bwana Vilevile kwamba kiti cha mkurugenzi kiko wazi na kinahitaji mtu asiyejali shemeji.

Nyumbani habari zilikuwa zimeshatangulia. Mkewe hakumgombeza wala hakumnunia. Alimnawisha mikono vizuri, akamwekea sahani mezani, akaifunua. Ndani mlikuwa na mchele mkavu.

Bwana Vilevile aliutazama mchele, akamtazama mkewe.

"Ndio uleule ulioununua," mkewe akasema. "Nikiupika utakuwa wali, baba watoto, na mchele utakuwa umepotea. Sitaki kesi."

Kwa kitambo kidogo Bwana Vilevile alimwonea mkewe fahari, kwamba ameusoma waraka akauelewa. Kisha njaa ikamkumbusha mengine. Akajaribu kumweleza kwamba kazi ni kazi na udugu ni udugu. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia kwamba huyo mdogo wake ni yeye aliyemlea. Mama yao alipofariki ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyeshona nguo za watu mpaka vidole vikafa ganzi ili yule asome, na siku alipopewa cheti cha ualimu walilia wote wawili jikoni. Sasa atafukuzwa kwa ajili ya gololi. Alipofika hapo akaingia chumbani akafunga mlango. Bwana Vilevile alibaki na mchele wake. Alikula ndizi mbili zilizokuwa kwenye kapu na maganda akayarudisha kapuni.

Siku ya kamati iliamka na mvua na baridi ya kuingia mifupani, na umeme ulikuwa umekatika. Kikao kilikuwa cha siri, kwa hiyo madirisha yalifungwa. Wajumbe walikuwa wanne: Katibu Mkuu, mwanasheria, afisa utumishi na Bwana Vilevile. Mwalimu aliambiwa asubiri nje kwenye benchi la ukumbini mpaka aitwe. Katibu Mkuu akalalamika kwamba vidole vyake havishiki kalamu, na tarishi akaleta jiko la mkaa, mkaa umekolea mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Wakalisogeza katikati ya meza na kabati. Upepo ulikuwa bado unapenya chini ya mlango. Bwana Vilevile hakutaka siri za kamati zitokee hapo, akachukua nakala za waraka wake zilizobaki, akazikunja, akaziba upenyo wote. Kisha akaziba na wa dirishani. Palikuwa na joto zuri sana.

Kamati ilianza kwa kujadili kama methani iliyopotea ni ya kiume au ya kike kwa madhumuni ya takwimu. Wakapitisha kwamba wataunda kamati ndogo. Mwanasheria akasema kichwa kinamgonga. Katibu Mkuu akasema hata yeye, na kwamba hiyo ndiyo dalili ya kikao kizito. Afisa utumishi aliegemeza shavu kwenye faili, na Bwana Vilevile akaandika: mjumbe alizama katika tafakuri. Mwanasheria naye akazama. Katibu Mkuu akaanza sentensi kuhusu uwajibikaji, akaifikisha katikati, akaiacha hapo, kidevu kifuani. Bwana Vilevile hakuona ajabu. Alikuwa amehudhuria vikao vingi na hakuna kimoja ambacho hakikulaza mtu.

Yeye mwenyewe alihisi miguu si yake. Mwandiko ulikuwa unateremka nje ya mstari, naye anautazama unavyokwenda zake. Alijiambia ni uzito wa wajibu. Akaandika: kamati kwa kauli moja. Hakumbuki iliamua nini.

Mengine alikuja kuhadithiwa. Mwalimu aliona ukumbini pametulia mno. Alimuuliza tarishi mbona hakuna kelele, tarishi akajibu wanafikiri. Mwalimu akasema kwamba hao hawajawahi kufikiri muda mrefu hivyo. Kisha akauliza kama ndani mna moto, na tarishi, kwa kujisifu, akasema ameupuliza mwenyewe na madirisha yamefungwa ndi. Mwalimu hakungoja kuitwa. Mlango ulikuwa mgumu kwa sababu ya makaratasi yaliyosokomezwa chini, wakausukuma kwa mabega, wakafungua madirisha, wakawaburuta wakuu mmojammoja mpaka kwenye nyasi za mbele ya jengo. Mvua ilikuwa imekatika. Katibu Mkuu alitapika juu ya maua ambayo aliyapanda mwenyewe kwenye uzinduzi fulani, na kiatu chake kimoja hakikuonekana.

Bwana Vilevile alipofumbua macho aliona uso wa shemeji yake na mawingu nyuma yake.

"Umeingia kikaoni bila kuitwa," akamwambia.

"Ndiyo, shemeji. Vuta pumzi kwanza."

Akavuta. Ilikuwa hewa ya kawaida ya pale nje, yenye harufu ya udongo uliolowa, na alijikuta anaitaka tena na tena kama mtu aliyenyimwa maji. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani, na alishangaa kwamba kufa kungekuwa jambo jepesi, la kusinzia tu huku unaandika.

Lakini wizara ni wizara. Katibu Mkuu, akiwa amekaa kwenye nyasi na soksi moja, alishaanza kutoa maelekezo. Iandikwe kwamba kamati ilihamia nje kwa ajili ya kupata hewa safi, na kwamba mjadala uliendelea kwa utulivu. Tarishi asiseme kitu. Mwalimu naye, kwa kuwa bado ni mtuhumiwa, hana ruhusa ya kusema lolote.

"Nina swali moja tu," mwalimu akasema. "Mlinzi wetu alikutwa hivihivi, na jiko hivihivi. Alipewa barua ya onyo kwa kulala kazini. Nyinyi mtapewa nini?"

 Afisa utumishi, ambaye bado alikuwa na alama ya faili shavuni, akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa kweli utaratibu ni mmoja. Anayekutwa amelala kazini anaandikiwa, awe nani. Na waliokutwa ni wanne, na mashahidi wapo. Katibu Mkuu akamgeukia Bwana Vilevile ili apinge. Bwana Vilevile aliijua barua ile kwa moyo, kwa maana aliitunga. Ulipoamshwa ulikaidi kuamka. Aliiona akiandikiwa mwenyewe, namba na muhuri, na hakuona kasoro.

"Haukuwa usingizi," Katibu Mkuu akasema. "Mimi silali vikaoni. Mwalimu, kama haukuwa usingizi, ulikuwa nini?"

Mwalimu akaomba kielelezo. Wakamletea boksi, Katibu Mkuu mwenyewe akaamuru lakiri ivunjwe. Mwalimu akatoa ile kaboni dayoksaidi, gololi nyeusi katikati na nyekundu mbili ubavuni, akaeleza kama anavyowaeleza watoto wake. Hewa ikiwa tele, mkaa unapoungua kila nyeusi inapata nyekundu zake mbili. Chumba kikizibwa, nyekundu zinakuwa haba, na nyingi ya zile nyeusi zinaambulia mojamoja. Hiyo ya nyekundu moja haina harufu wala rangi. Ukiivuta inashika damu, inakaa mahali pa oksijeni, haitoki upesi. Mtu anasinzia, na hajui kwamba anakufa.

Katibu Mkuu alinyoosha mkono, akaichukua, akaigeuzageuza. Kisha, kama mtoto, akaivuta gololi nyekundu moja. Ilitoka kwa kishindo kidogo. Alibaki ameshika nyeusi iliyounganishwa na nyekundu moja.

"Ndiyo hii tulikuwa tunavuta?"

"Ndiyo hiyo. Na mlinzi pia."

Hapo Bwana Vilevile, akiwa bado amelala chali, aliinua kidole. Hakuweza kujizuia, wajibu ni wajibu. Akamweleza Katibu Mkuu, kwa heshima zote, kwamba alichukua kaboni dayoksaidi moja ambayo ni kielelezo cha Serikali, na sasa kaboni dayoksaidi hiyo haipo. Kwa mujibu wa waraka, imepotea mkononi mwa Mheshimiwa.

Katibu Mkuu alimtazama kwa namna ambayo Bwana Vilevile aliikumbuka siku nyingi baadaye.

"Zihesabu," akasema.

Bwana Vilevile akapiga magoti kwenye nyasi, akamwaga boksi lote, akaomba na zile zilizokuwa mkononi mwa Katibu Mkuu. Nyeusi moja. Nyeupe nne. Nyekundu nne. Akahesabu upya, akatafuta hata chini ya soksi ya Mheshimiwa. Zilikuwa zilezile zilizotoka stoo asubuhi ya methani.

"Zote zipo, Mheshimiwa."

"Basi kuna kilichopotea?"

Lilimtoka kwa shida, kama jino. "Hapana, Mheshimiwa. Zimehama tu."

Ikaandikwa hivyo. Mashtaka ya mwalimu yakafutwa palepale kwenye nyasi, akarudishiwa darasa lake, na ikapitishwa kwamba wakuu wanne hawakulala bali walivuta hewa mbaya. Ili hilo lisimame, ilibidi onyo la mlinzi nalo libatilishwe, kwa kuwa haiwezekani mkaa wa namna moja umlaze mlinzi lakini wakuu uwavutishe hewa mbaya. Bwana Vilevile aliomba jambo moja tu, kwamba waraka wake usifutwe. Alisihi mpaka wakamhurumia. Waraka wa Marejesho ukabaki vilevile, unafunga kila mtu na kila kitu, isipokuwa gololi.

Usiku ule mkewe alimpakulia wali. Hakumkalia mbali.

Kubatilisha onyo lilikuwa jambo la kheri, na Katibu Mkuu akaona lisipotee bure bila picha. Akaamua kupeleka barua mwenyewe, pamoja na Bwana Vilevile mwenye sahihi, na mpiga picha wa wizara. Kwa mlinzi hapakujulikana ni wapi, wakambeba mwalimu awaonyeshe. Walimkuta mjane uani anafua, mikono imejaa povu. Aliinuka, akaikausha kwenye nguo yake, akawasalimia wote, akawaletea viti viwili, vyote alivyokuwa navyo. Mwalimu akasimama pembeni karibu na kamba ya nguo.

Bwana Vilevile alisoma barua kwa sauti. Alikuwa ameiandika kwa moyo wake wote safari hii. Wizara imejiridhisha kwamba mtumishi hakulala bali alivuta hewa mbaya. Onyo limebatilishwa. Mtumishi anarejeshewa heshima yake na kutakiwa kuripoti kazini mara moja. Alipofika hapo yeye mwenyewe alisita, lakini ndiyo iliyokuwa fomu ya kubatilisha maonyo, haikuwa na nyingine.

Mpiga picha akajiweka tayari. Katibu Mkuu akatabasamu, akamsogezea mjane barua ili waishike wote wawili.

Mjane hakuipokea. Aliuliza kama wao ndio wenye lile tangazo la kwenye geti la shule, lenye herufi kubwa. Bwana Vilevile akasema ndiyo, na licha ya mazingira akafurahi kwamba limesomwa.

"Nalipita kila siku nikienda kisimani," mjane akasema. "Mume wangu alitoka hapa jioni, amebeba koti lake begani, anapiga mluzi. Alikuwa mzima. Niliwakabidhi nyinyi. Sitaki karatasi, baba. Nirudishieni vilevile."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayedai sufuria yake kwa jirani, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyashughulikia. Bwana Vilevile alijaribu kufikiria gololi. Alijaribu kujiambia zote zipo, zimehama tu, na kwa mara ya kwanza hesabu iliyokamilika haikumtuliza.

Katibu Mkuu akacheka kidogo, cheko la kuokoa hali, akamgeukia mtu wake. "Mkaguzi, hebu mweleze mama. Waraka unasemaje?"

Bwana Vilevile aliupitia waraka kichwani, kifungu kwa kifungu, akitafuta upenyo. Aliutunga yeye, na hakuacha upenyo.

"Unasema mama ana haki, Mheshimiwa," akajibu.

Mpiga picha akashusha kamera, na Katibu Mkuu akabaki ameshika barua peke yake.